Upele wa Kapita, paka wa nyumba tatu

Hii habari hamtaiamini, na sitagombana na mtu. Asiyeamini apande baiskeli, afike Kasongo, aulize nyuma ya soko nyumba ya mama Dieudonnée, yule wa mpunga mwekundu. Ataonyeshwa na mtu wa kwanza. Ila asiende mikono mitupu, maana mwanamke yule hapendi watu wanaokuja kumchungulia paka wake bure.

Dieudonnée ni mtu wa Kabambare, Mbangubangu, mlimaji tangu alipoachishwa ziwa. Mkono wake ukikugonga begani kwa urafiki, unatafuta kiti. Alihamia Kasongo mwaka ule watu wa bunduki walipozidi upande wa Salamabila na vijiji vikamwagika barabarani. Wenzake walibeba sufuria, magodoro, redio. Bwana mmoja alibeba mlango wa nyumba yake, na kufuli lake likiwa bado limefungwa. Dieudonnée alibeba mbegu. Ulikuwa mpunga wa mama yake, mwekundu, wa punje fupi, unaokomaa kabla ndege hawajapanga jeshi lao. Pale Kasongo hakuna mwingine aliyekuwa nao, na kule ulikotoka mashamba yalikwisha kugeuka pori. Mama yake naye alibaki huko, chini ya udongo. Kwa hiyo kila alipovuna, kabla ya kuuza hata kikombe, alitenga mbegu na kuipandisha juu ya lutala, kile kichanja cha miti kilicho juu ya mafiga, ili moshi uifukuzie fukusi.

Fukusi wanaogopa moshi. Panya hawaogopi. Panya wa Kasongo moshi kwao ni manukato ya kwendea harusini.

Ndiyo maana ya Kapita. Lilikuwa dume la madoa ya kahawia, kichwa kipana, mwendo wa polepole, na aliitwa Kapita, yaani msimamizi wa vibarua, kwa sababu mchana hafanyi kazi, anasimamia tu. Usiku mambo yalikuwa mengine. Alilala juu ya lutala, mkia umening'inia kama kamba, na panya aliyeiona kamba ile alikwenda kutafuta maisha kwa jirani.

Sasa, kusema Kapita alikuwa wa Dieudonnée ni kusema nusu. Mtaani kwao, mavuno yakiingia, paka hodari hakai nyumba moja. Anaazimwa. Jioni unampeleka kwa jirani ndani ya kitunga chenye kifuniko, jirani anamfungia penye chakula chake, asubuhi anakurudishia paka pamoja na kichwa cha samaki cha shukrani. Kapita alikuwa na nyumba tatu kwa zamu. Ya kwanza ya mwenyewe. Ya pili ya mama Aziza, mwenye duka la maharagi na chumvi, mtu wa zile familia za Waislamu wa zamani wa mji. Ya tatu ya Pitchou, motari, mbeba abiria kwa pikipiki, ambaye mke wake alikuwa na magunia ya karanga chumbani. Na kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga wala aliyeivunja: paka wa kuazimwa akiharibikia kwako, huazimwi tena kitu, hata sindano ya kushonea kifungo.

Ikumbukeni hiyo sheria, kwa sababu ndiyo ilitaka kumuua Kapita kuliko ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa ulianza masikioni. Dieudonnée aliona ganda la kijivu pembeni mwa sikio, kama ugali uliokaukia ukingoni mwa sufuria, akalibandua kwa kucha, akasahau. Likarudi. Likashuka kwenye paji la uso, likazunguka macho, likafika shingoni, na palipopita ganda manyoya yalitoka kwa mafungu. Ngozi iliyobaki ilikuwa nene, imejikunja; paka mwenye miaka minne akawa na uso wa mzee anayesubiri pensheni. Halafu kujikuna. Alijikuna kwa mguu wa nyuma mpaka damu, akapumzika, akaanza upya. Kulala juu ya lutala kulimshinda, maana mtu anayejikuna hawezi kukaa juu ya fito bila kuanguka. Alikuwa akikaa chini karibu na majivu, anajikuna, na panya wanapita mbele yake bila haraka.

Dieudonnée alikuwa na vitunga vitatu vya mbegu. Asubuhi moja alishusha cha kwanza akakiona chepesi. Chini kulikuwa na tundu linaloingia ngumi, na ndani maganda matupu. Alikaa juu ya kinu kilicholala, kitunga mapajani, akachekecha yale maganda kwa vidole moja moja, kana kwamba punje nzima zingejificha tu. Hazikuwepo. Mawingu ya msimu yalikwisha kuanza kukusanyika, majirani walikuwa wanachoma majani mashambani, na yeye theluthi ya mbegu ilikuwa tumboni mwa panya.

Mashauri hayakukosa. Kasongo mashauri ni bure, ndiyo maana yanatolewa mengi. Mmoja alisema paka amekula mijusi. Mwingine alisema amtie ndani ya gunia akamtupe mtoni Lualaba, kwa kuwa paka aliyenyonyoka kichwa haleti heri. Kanisani akina mama waliona vipele vidogo ndani ya mikono ya Dieudonnée, pale anapompakata Kapita, wakasogea kwenye benchi, kidogo kidogo, mpaka akabaki na benchi lake peke yake kama askofu.

Dawa yake ilikuwa ile aliyoijua: mawese. Kila zamu yake aliyapasha moto kidogo, akampaka Kapita kichwa na shingo na mgongo, akimwomba msamaha. Kapita akanukia kama sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akajilamba, akaendelea kujikuna. Kumpeleka kwa majirani hakuacha. Angeacha, wangeuliza kwa nini, na angekuwa ametangaza kwamba paka wake ni mbovu. Majirani nao waliona ugonjwa, wakanyamaza, kila mmoja akihofia ataambiwa umetoka kwake. Kapita akawa anazunguka nyumba tatu ndani ya kitunga, amefunikwa vizuri, kama siri.

Kitunga cha pili kiliguswa. Hakikuisha, lakini kiliguswa.

Halafu ikaja asubuhi ya mama Aziza. Alikuja mwenyewe kurudisha paka, akaweka kitunga kizingitini, kichwa cha samaki juu yake, akasalimu kwa neno moja na kugeuka. Mama Aziza, ambaye salamu yake kwa kawaida inaanza na hali yako na kumalizikia na hali ya binamu zako walio Kindu. Dieudonnée alifunua kifuniko. Kapita alikuwa amelala ubavu. Mate yalimtoka mdomoni kama povu la sabuni, mwili mzima ulitetemeka, na weusi wa macho yake ulikuwa umefinywa mpaka ukawa uzi. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa.

Dieudonnée alitaka kumnywesha mawese ili atapike, na chupa ilikuwa tayari mkononi, Pitchou alipotokea na pikipiki yake na kuangalia ndani ya kitunga. Uso wake ulibadilika rangi, jambo lililo gumu kwa uso kama ule. Alimwambia apande, waende kwa Salomon.

Salomon ni mtu wa mifugo, yule anayekagua mbuzi machinjioni kabla hawajachinjwa. Walimkuta na buti zake miguuni. Alisema mapema kwamba yeye ni mtu wa mbuzi na ng'ombe, na paka amewasoma zamani kidogo. Kisha akapiga magoti, akamfungua mdomo Kapita, akamnusa mgongo.

"Alilamba nini?" akauliza.

"Hakulamba kitu. Nilimupaka mawese tu, hii ya kula. Hata miye nayakula."

"Mawese haiwezi kutetemesha paka hivi. Nani mwengine alimushika?"

Dieudonnée hakuelewa swali. Pitchou alilielewa. Alianza kuikagua pikipiki yake kama aliyeiona leo tu, akakagua taa, akakagua tairi, na mwisho akakosa cha kukagua.

"Mama, usinikasirikie," akasema. "Nilimupaka mafuta chafu ya injini. Mara mbili. Imbwa ya mujomba wangu ilipona nayo."

Yote yakamtoka. Kumbe kwanza alikuwa amempeleka Kapita kwa Mathilde, anayegawa vidonge vya upofu wa mtoni, ambavyo watu husema vinaua na upele, akimpima kila mtu urefu kwa fimbo kwanza. Mathilde alicheka, akamshika paka kwapani akamnyoosha kwenye fimbo mpaka makucha ya nyuma yaguse chini, na bado hakufikia alama ya kwanza. Akasema mtoto asiyefika pale hapewi kidonge, na wewe unataka nimpe paka. Ndipo Pitchou akarudi kwenye mafuta yake.

Dieudonnée alisikia hayo yote kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Aliuliza kitu kimoja: ni hayo mafuta yanamuua? Salomon alisema mafuta ya injini ni sumu, ndiyo, yanachoma ngozi na yanachoma tumbo, lakini macho haya na mate haya ni ya kitu kingine, na asipokijua anaweza kumpa dawa ya kummalizia. Akauliza paka alilala wapi usiku uliopita.

Walipanda watu watatu na kitunga juu ya pikipiki moja. Nafikiri mnajua nani alishika kitunga.

Mama Aziza alikuwa nyuma ya meza ya duka lake, anapima chumvi. Alipowaona aliendelea kupima. Dieudonnée aliuliza kwa upole, na jibu likarudi kali. Tangu lini nyumba yao ikatesa paka? Babu yake alikula na paka pembeni ya sahani, na paka alipolala juu ya kanzu yake hakuivuta. Leo mbele ya wapita njia anaambiwa amempa paka sumu? Sauti ilipanda, watu wawili wakasimama kuangalia, na Salomon akaanza kutazama buti zake.

Eleweni hapo mwanamke yule alipofika. Kwa Pitchou, kukiri kulikuwa aibu ya siku moja. Kwa mama Aziza ilikuwa aibu ya ukoo. Katika ule mtaa wake, mtu anaweza kusamehewa kipimo kibovu cha maharagi. Mwanamke aliyemuua paka atasemwa mpaka kwenye harusi za wajukuu wake.

Dieudonnée hakupandisha sauti. Aliweka kitunga juu ya meza, kati ya chumvi na maharagi, akafunua kifuniko. Kapita alikuwa bado anatetemeka, lakini kidogo kuliko mwanzo, na huko kupungua ndiko kulikotisha.

"Mama Aziza," akasema, "sikuja kukuaibisha. Hii paka ikikufa, mbegu ya mama yangu inaisha. Haiko fasi ingine naweza kuitafuta, unajua mwenyewe fasi nilitoka. Uniambie tu ulimutia nini. Sitasema kwa mutu."

Na hakusema kwa mtu. Haya maneno yalitokea kwa Pitchou, ambaye hajapata kufunga kitu maishani, si mdomo wala lango.

Mama Aziza aliweka kijiko cha chumvi. Akaingia ndani, akarudi na kopo lenye unga mweupe, ule unaochanganywa na maharagi ya kuhifadhi ili fukusi wafe.

"Kama inaua fukusi," akasema chini chini, "nilifikiri itaua na vidudu vya upele. Nilimupaka kwa mapendo, Dieudonnée. Wallahi, kwa mapendo."

Salomon alisoma kopo, akalinusa kwa mbali, na hapohapo akawa mtu mwingine. Maji ya vuguvugu, akasema, beseni, sabuni ya kufulia, vitambaa. Walimwogesha Kapita uani kwa mama Aziza, mikono ya wote wanne ndani ya beseni moja, mifuko ya plastiki ikiwa imefungwa viganjani. Maji ya kwanza yalitoka meupe yenye michirizi myeusi, na juu yake duara za rangi ya machungwa zikaelea. Dieudonnée alizitambua hizo duara. Akauliza, na Salomon hakumficha: unga mkavu mwingi ungeanguka wenyewe, mawese ndiyo yaliushika, na paka hulamba kila kinachokuwa juu ya manyoya yake. Alisema hivyo akimwaga maji, bila ubaya, akidai beseni la pili. Mama Aziza alisikia. Mikono yao ilikuwa inagusana ndani ya povu, na hakuna aliyeitoa.

Walimsuuza, wakamwosha tena. Chupa ya mawese aliyokuja nayo Dieudonnée, Salomon aliisukuma pembeni kwa buti: mafuta wala maziwa asipewe, yanaifungulia sumu njia tumboni. Walimfuta mdomo, wakamkausha, wakamviringisha ndani ya kitenge kizito cha mama Aziza mahali pa giza na pa joto, na Salomon akamchoma sindano aliyokuwa amebakiwa nayo kutoka kwa ng'ombe fulani aliyekula majani yaliyonyunyiziwa dawa. Pitchou anasema alipima tone lake mara nyingi kuliko alivyowahi kumwona mtu akipima kitu. Baada ya hapo hakukuwa na kazi. Kusubiri tu, na huko ndiko kuliko kugumu kwa mtu wa jembe.

Dieudonnée alikaa chini, mgongo ukutani, mkono wake juu ya kitenge. Kuna wakati hakusikia kitu chini ya kiganja, akasogeza mkono, akasikia, akasogeza tena. Aliwaza mama yake akipepeta ule mpunga, jinsi alivyopuliza kapi bila kupoteza punje, na akaona aibu kwamba alipita kwenye risasi na kitunga kichwani, akavuka mito, ili aje kushindwa na panya na mawese yake mwenyewe. Mama Aziza alimletea chai. Haikunyweka.

Jua lilipoegemea, kitenge kikatikisika na sauti ikatoka, mbaya, ya kukwaruza, kama bawaba. Kapita alikuwa anadai kula.

Lakini kupona sumu hakukuwa kupona upele. Salomon aliwaeleza kwa lugha wanayoielewa watu wa kwetu. Vile ni vidudu visivyoonekana kwa macho, vinachimba ndani ya ngozi kama watu wa Salamabila wanavyochimba dhahabu. Ukipaka mafuta juu umefunika mlango wa shimo, wenyewe wako chini wanaendelea na kazi. Vikihamia mkono wa mtu vinamwasha, lakini havikai, vinakufa. Dawa ipo, ni sindano ile ya upele wa mbuzi. Ila mbuzi ni mbuzi, na tone likizidi kwa paka tutarudi kwenye povu. Kwa hiyo paka akapate nguvu kwanza, na apimwe uzito. Alipimwa kwenye mizani ya mama Aziza, maharagi upande mmoja, Kapita upande wa pili, anawatazama wateja kwa dharau, kisha akachomwa sindano ya kwanza. Mizani ikaoshwa baadaye mpaka ikang'aa kuliko siku iliyonunuliwa. Shingoni alivalishwa kola ya katoni ya sabuni asijilambe wala kujikuna uso. Magunia ya nyumba zote tatu yakachemshwa na kuanikwa juani. Zamu zikakatazwa mpaka sindano ya pili, wiki mbili baadaye, na ngozi iwe safi.

Na panya? Panya hawakungoja ngozi ya mtu iwe safi.

Hizo wiki mbili zilimzeesha Dieudonnée. Mama Aziza alitoa pipa lake la chuma lenye kifuniko, lakini mpunga ulikuwa umeloa kidogo pale paa lilipovuja, na mbegu yenye unyevu ukiifungia chumani inaoza kabla haijaota. Ilibidi ibaki kwenye moshi. Basi alikaa chini ya lutala na mchi wa kutwangia, akigonga fito kila aliposikia mkwaruzo. Alilima asubuhi akilala wima juu ya jembe. Kitunga cha pili kiliisha hivyo, kwa vipande, katika zile dakika ambazo kope zilimshinda. Kikabaki cha tatu. Mvua ya kupandia ilinyesha, majirani wakatoka na mbegu zao, na yeye shamba lake halikuwa limemalizika kutifuliwa, na mchi ulikuwa mzito mkononi kama mti mzima. Siku ile alimwambia Kapita, aliyekaa karibu na majivu na katoni lake shingoni, kwamba hamlaumu, ila amechoka.

Sindano ya pili ilipopita, maganda yalianza kudondoka yenyewe. Chini yake kulikuwa na ngozi ya waridi na manyoya laini kama ya kifaranga. Katoni likavuliwa. Jioni hiyo Kapita alizunguka jiko, akayanusa mafiga, akaangalia juu, akaruka, akaanguka. Dieudonnée hakumsaidia; alishika tu kitenge chake kifuani. Akaruka tena, makucha yakashika ufito, akajivuta juu, akazunguka kitunga cha tatu, akalala, mkia ukaning'inia, mwembamba, hauna nywele, kama kamba iliyotumika sana. Dieudonnée akaweka mchi chini, akalala palepale sakafuni, usingizi wa mtu aliyezimia.

Asubuhi alipofungua macho, panya walikuwa wamelazwa chini mbele ya mafiga kwa mistari, wakubwa nyuma, watoto mbele, wengine wanatoka mpaka mlangoni, si chini ya arobaini, na katikati yao Kapita amesimama kwa miguu miwili kama kamanda anayekagua—

"Mumoja," ananikatiza Dieudonnée kutoka kwenye ungo wake, bila kuinua macho. "Alikuwa mumoja, mujomba, tena bila kichwa. Na mbegu haikuguswa. Andika hivyo."